Kutafuta historia ya jamaa: kazi ambayo mama anaweza kuifanya



Katika kila kilio, iwe Kenya, Katuba, Ruashi au Kamalondo, kuna mama mmoja ambaye wote wanamgeukia. Anajua nani ni mtoto wa nani, mali ililipwa kwa nani, na kijana aliyefika asubuhi toka Kolwezi ni mjukuu wa upande gani. Hatumlipi, wala hatuandiki anayosema. Siku tutakapomzika yeye, tutamuuliza nani? Juma hili tunapenda kuwaeleza kwamba ujuzi wake ni kazi kamili, na kwamba baadhi yetu, walimu, wauguzi au washonaji, tunaweza kuigeukia.

Mji wetu una mifano. Mwaka 1965, André Yav, pamoja na wenzake waliofanya kazi katika nyumba za Wazungu, aliandika historia ya Elisabethville kwa Kiswahili chetu cha hapa. Hakungoja diploma ya historia. Mwaka 1990 mtaalamu Johannes Fabian aliichapisha Ulaya, na leo wanafunzi wa nchi nyingi wanaisoma. Katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi, Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu alikusanya kwa miaka mingi maisha ya wafanyakazi wa Union Minière na Gécamines na jamaa zao, akisikiliza wazee na wajane.

Historia hiyo ni yetu. Union Minière ilianzishwa mwaka 1906. Mwanzoni wanaume walikuja peke yao. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1920 kompani ilianza kuwataka waje na wake na watoto. Hivyo ndivyo nkambo zetu wengi walivyofika, wengine toka Kasai, wengine toka Rwanda au nchi inayoitwa leo Zambia.

Je, kazi hii inasaidia nani? Kwanza, wenye shida ya urithi. Sheria ya jamaa ya mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inawaweka watoto katika kundi la kwanza la warithi, hata waliozaliwa nje ya ndoa, kama baba aliwatambua akiwa hai. Lakini sheria inataka uhakika. Mama asiye na karatasi ya ndoa wala vyeti vya watoto anabaki na maneno matupu mbele ya wakwe. Pili, vijana wanaotaka kuoana wanapaswa kujua kama ni ndugu. Tatu, kuna waliotengwa na jamaa. Tarehe 2 Desemba 2024, mahakama ya rufaa ya Brussels iliwapa haki wamama watano waliozaliwa Kongo kwa mama Mwafrika na baba Mzungu, ambao serikali ya kikoloni iliwanyang'anya mama zao wakiwa wadogo. Kwa watoto kama hao, karatasi ya zamani inaweza kuwa njia pekee ya kupata tena jina la mama.

Anayetaka kujifunza aanze nyumbani. Amkalishe mzee, amwache aseme kwa mwendo wake, kisha aandike jina la msemaji na tarehe. Jambo moja alisikie kwa watu wawili au watatu kabla ya kuliita kweli. Akisikia "baba", aulize: baba aliyekuzaa, au ndugu yake? Akisikia "mama", aulize kama ni mama mkubwa, mama mdogo au mwenyewe. Kwa Walamba mtoto huhesabiwa upande wa mama. Kwa Waluba, upande wa baba. Mtoto wa Mlamba na Mluba ana historia mbili, na zote ziandikwe.

Majina nayo yanasema. Mbuyi na Kabanga kwa Waluba wa Kasai, Kyungu na Kabange kwa Waluba wa Katanga, ni mapacha: ukimpata mmoja, uliza mwenzake yuko wapi. Tena mwaka 1972 serikali ya Mobutu ilikataza majina ya Kikristo. Kwa hiyo Joséphine wa buku la ubatizo anaweza kuwa na jina jingine kabisa katika kalati ya Zaire. Miji pia ilibadilika: Elisabethville ni Lubumbashi, Jadotville ni Likasi, Albertville ni Kalemie. Asiyejua hayo atatafuta mahali pasipokuwepo.

Karatasi ziko parokiani, ambako buku za ubatizo na ndoa zinataja wazazi na wasimamizi. Ziko komini, na ziko ndani ya sanduku la nkambo: kalati ya kazi, buku la zamani, picha yenye maandishi nyuma. Kabla ya kuomba kuziona, nenda kwa heshima na eleza sababu.

Je, mtu aache kazi yake? Tunasema hapana, si mara moja. Huko Ufaransa na Ubelgiji wako watu wanaoishi kwa kazi ya kutafuta warithi na nasaba. Hapa kwetu wateja ni wa kujengwa polepole. Anza na jamaa mbili au tatu, siku za mapumziko. Patana bei kabla ya kuanza, tenga pesa ya usafiri, andika risiti. Mlipwaji analipwa kwa kutafuta, si kwa kupata. Hilo mteja alijue mapema. Kikundi cha likelemba kinaweza kumnunulia mwenzao simu ya kurekodi sauti, naye akawarudishia kidogo kidogo. Mwalimu tayari anajua kuuliza na kupanga. Muuguzi anajua kutunza siri.

Siri ndiyo mpaka wa kazi hii. Utakuta mtoto asiyejua baba yake halisi, au mke aliyefichwa. Si kazi yako kulitangaza hilo kwenye kilio. Tena sisi wa mji huu tulishuhudia, miaka ya 1992 na 1993, jinsi swali "unatoka wapi?" lilivyofukuza majirani toka nyumba zao na kuvunja ndoa. Mtafutaji akiombwa kuandika nani ni mwenyeji na nani ni mgeni ili mtu afukuzwe, arudishe pesa na afunge daftari. Nasaba inaandikwa ili watu wapate kwao, si ili wanyimwe kwao.

Wamama, kabla ya mkutano ujao, kila kikundi kichague mzee mmoja na daftari moja. Andikeni majina ya nkambo wanne, vijiji vyao, na mwaka waliofika mjini. Walio na mwandiko mzuri wawasaidie wasiojua kuandika. Na yule mama wa kilio, mkalisheni wa kwanza.