Je, Wajua? Kuna Atomu Isiyo na Kiini

Ndizi zinazouzwa katika soko la Muthara, Tigania Mashariki, zina potasiamu, na sehemu ndogo mno ya potasiamu hiyo ina mnururisho. Mara chache sana, humo ndani ya tunda, hutoka positroni: chembe yenye uzito wa elektroni lakini yenye chaji chanya. Carl Anderson aliigundua mwaka 1932.

Positroni na elektroni zikikutana huangamizana, ikabaki miale ya gama tu. Lakini kuna wakati huzungukana kwanza, nayo ni atomu kamili isiyo na kiini. Huitwa positroniamu, Martin Deutsch aliithibitisha mwaka 1951. Ile inayodumu zaidi huishi wastani wa nanosekunde 142 katika ombwe.

Uhai huo mfupi ndio kipimo chenyewe cha uso wa metali na mianya yake. Sodiamu-22 inapotoa positroni, hutoa pia gama inayoanzisha saa. Gama za maangamizi huisimamisha. Ndani ya metali positroniamu haiumbiki, maana elektroni huru zimeizonga positroni kila upande. Usoni ndipo positroni huweza kutoka na elektroni yake moja. Na kwa kuwa katika metali safi husambaa kama nanometa 100 hivi, chembe ya dhahabu yenye upana wa nanometa 10 haiwezi kuificha: positroni nyingi hufika usoni. Positroniamu ikinaswa kwenye mianya kati ya chembe, hugonga kuta na kufa mapema. Kadiri mwanya ulivyo mwembamba, ndivyo umri unavyopungua. Oksijeni iliyonata usoni nayo hubadilisha hesabu, jambo lenye uzito mkubwa kwa metali kama platini, ambayo kazi yake ya kusafisha moshi wa magari hufanyika usoni tu.

Nairobi, Hospitali ya Aga Khan na ile ya Chuo Kikuu cha Kenyatta hutumia pia positroni, zile za dawa yenye florini-18, kusaka saratani. Dawa hiyo hupungua nusu kila dakika 110. Ikisafirishwa kwa muda wa saa tano na nusu kuelekea Muthara, itabaki thumuni. Ndiyo maana mgonjwa ndiye anayesafiri.

Mwilini mwake, hadi asilimia 40 ya positroni hupitia positroniamu, ila mashine za kawaida haziupimi umri wa positroniamu hiyo. Mwaka 2024, kundi la Paweł Moskal huko Kraków, Poland, lilichapisha picha ya kwanza ya positroniamu katika ubongo wa mtu aliye hai. Walitumia galiamu-68, ambayo mara chache hutoa gama ya ziada ya kuanzisha saa. Florini-18 haina gama hiyo.