Gari Linapogonga, Nishati Huenda Wapi?

Gari la kilo 1,000 likienda kilomita 36 kwa saa hubeba nishati mwendo ya jouli 50,000. Likiongeza mwendo mara mbili, hadi kilomita 72, nishati hupanda mara nne na kufikia jouli 200,000.

Gari hilo likigonga ukuta na kusimama ghafla, nishati hiyo haipotei bali hubadilika umbo. Sehemu kubwa hukunja na kurarua bati, kisha huishia kuwa joto ndani ya chuma. Kiasi kidogo husikika kama kishindo.

Mhandisi Béla Barényi wa Mercedes-Benz aliitumia fizikia hii kuokoa maisha. Alibuni gari ambalo sehemu zake za mbele na nyuma hukunjika kwa urahisi, huku chumba cha abiria kikibaki imara. Gari la aina hiyo liliingia sokoni mwaka 1959. Bati linapojikunja hula nishati na kurefusha muda wa kusimama, hivyo nguvu inayompiga abiria hupungua.

Lakini mwili wa abiria nao una nishati mwendo yake, na mkanda ndio unaouzuia usirushwe mbele. Dereva, punguza mwendo. Abiria, funga mkanda, hata wa kiti cha nyuma.