Kutoka Mnarani hadi Mambrui: Aila Yetu na Viumbe wa Pwani

Wengi wetu tuliozaliwa pwani twaijua barabara ya Mombasa kwenda Malindi kama tuijuavyo njia ya msikitini, na juu ya hayo hatujui kilichoko hatua mia kando yake. Twaipita kwenda harusini, kwenda matangani, kumpeleka mwanafunzi chuoni. Twafunga vioo kwa ajili ya vumbi, twafika, basi. Wageni ndio wanaoshuka njiani. Wao hutoka mbali kuja kutazama ndege wa Mida na kasa wa Watamu, nasi ambao mababu zetu wamezikwa hapa twasikia habari za viumbe hao redioni. Likizo ya Agosti tuliazimia kuiendea barabara hiyo polepole, siku tano, sisi na jamaa zetu wanane, kuanzia shangazi yetu aliyevuka miaka sabini hadi mjukuu wa miaka sita.

Gari lilikuwa matatu kuukuu la jamaa yetu mmoja. Fundi aling'oa viti vya nyuma, akapigilia kitanda cha mbao chenye makasha ya vyombo chini yake, akatundika mapazia pande zote. Juu tulifunga hema na madumu ya maji. Wanawake na watoto walilala ndani, wanaume hemani. Twayataja haya kwa sababu akina mama hutuuliza mara kwa mara vipi mwanamke ataona ufuo bila kupoteza sitara yake. Gari lenye mapazia ni chumba chake mwenyewe: atavua buibui akitaka, atanyonyesha, atalala mchana. Wala hatukuegesha mahali usiku pasina idhini. Kila jioni tulibisha hodi kwa imamu au mzee wa mtaa, na hapakuwa na aliyetufukuza. Tatizo lilikuwa kukataa chakula.

Kuhusu sala, kutoka Mombasa hadi Mambrui ni masafa yanayoruhusu kupunguza, na kwa kuwa hatukukaa mji mmoja siku nne, tulipunguza na kukusanya tangu tulipouacha mji wetu mpaka tuliporudi. Watoto walifurahia Adhuhuri ya rakaa mbili, wakasikitika kuambiwa kuwa Magharibi haipunguzwi.

Kilifi hatukukawia. Sisi wenye umri wa miaka hamsini na ushei twakumbuka foleni ya feri kabla ya daraja kufunguliwa mwaka 1991. Vijana hulipita daraja hilo wakitazama simu. Tuliwashusha Mnarani, penye magofu ya msikiti na kaburi la nguzo juu ya mlangobahari, wakatazama maji kutoka juu, tukaendelea.

Mida tulifika Alasiri maji yakitoka. Kuna njia ya mbao iliyotundikwa kati ya mikoko, na kiingilio chake husaidia karo za watoto wa sekondari wanaoishi kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke. Mwisho wa njia hiyo tuliwaona ndege warefu wa miguu, weupe, wenye mgongo mweusi na domo nene jeusi, wakiwinda kaa matopeni. Ndege hawa huzaa kwenye visiwa vya Ghuba na pwani ya Oman, huchimba mashimo mchangani na kutaga yai moja, kisha huja kwetu kula. Shangazi alicheka. Babu yake naye alitoka Oman kwa jahazi, akasema, akaja kwa ajili ya tumbo, asirudi.

Asubuhi iliyofuata, baada ya Alfajiri, tuliingia msituni pamoja na kiongozi wa hapo. Ndovu hatukuwaona, ila kinyesi chao. Tulimwona sange mwenye makalio ya dhahabu, mnyama mdogo kama sungura mwenye pua ndefu ya kuchakurachakura, ambaye takriban wote waliosalia duniani wamo katika msitu huu. Dume na jike huishi wawili katika eneo lao maisha yao yote. Kila mmoja hujitafutia chakula chake na hawaonekani pamoja mara nyingi, lakini akiingia dume mgeni, mume humfukuza, na akiingia jike mgeni, mke ndiye amfukuzaye. Akina mama wa msafara waliizungumza habari hiyo hadi Gede, nasi tukaona busara kunyamaza.

Gede ni mji wa Waislamu uliohamwa karne ya kumi na saba. Msikiti wake wa Ijumaa na kaburi lenye tarehe ya mwaka 802 Hijria vingali vimesimama, na mwaka 2024 mji huo uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Kima ndio wenyeji sasa. Mmoja alitunyang'anya ndizi tatu na hakuonyesha haya yoyote.

Watamu ndipo tulipokaa zaidi. Bahari ya hapo, pamoja na ya Malindi, ni hifadhi tangu mwaka 1968, na tangu 1997 wako watu wanaolinda viota vya kasa ufuoni. Mama kasa hupanda usiku, huchimba shimo, hutaga mayai mia moja au zaidi, hufukia, hurudi baharini. Baada ya miezi miwili hivi vifaranga hutoka wakikimbilia maji, na wengi huliwa kabla ya kukua. Mvuvi ambaye kasa amenaswa nyavuni mwake huwapigia walinzi simu. Wao huja, humpima, humtia bawani kibati chenye nambari, wakamwachilia, na mvuvi hupewa kiasi kidogo cha kufidia taabu yake. Tulimshuhudia mmoja akirudishwa. Alisita maji yalipomgusa, kisha akapotea.

Hapo shangazi akasema kwamba utotoni mwao nyama ya kasa ililiwa, na mafuta yake walipakwa vifuani. Kijana wetu mmoja akauliza kama ni halali. Wanavyuoni wa madhehebu ya Imamu Shafi wamehitilafiana juu yake, na kauli iliyopewa nguvu na wengi wao ni kuwa haliwi. Na lau tungeshika kauli nyingine, liko jambo ambalo kila mama anapaswa kulijua. Machi 2024, katika kisiwa cha Panza, Pemba, watoto 8 walifariki kwa kula nyama ya kasa, pamoja na mtu mzima mmoja aliyekuwa mama wa mmoja wa watoto hao. Wengine 78 walilazwa hospitalini. Mwaka 2021, Pemba hiyo hiyo, walikufa 7. Sumu hiyo haionekani, haina harufu, na moto hauiondoi. Kasa mmoja ataliwa salama na wa pili ataua nyumba nzima. Watoto ndio huzidiwa upesi, na yamethibitishwa madhara kwa wachanga walionyonya maziwa ya mama aliyekula. Sheria ya Kenya ya mwaka 2013 nayo inamlinda kasa, lakini twaona habari ya Panza yatosha. Shangazi alinyamaza kitambo, kisha akauliza majina ya wale watoto. Hatukuwa nayo. Akawaombea dua vivyo hivyo.

Malindi tulinunua mkate wa mofa na samaki, tukavuka Sabaki. Mto huu huingia baharini na udongo mwekundu wa bara, na kwenye mlango wake kuna ndege wengi mno na viboko. Tuliwatazama viboko kwa mbali, juu ya kingo, mchana. Mkulima wa hapo alituambia hutoka usiku wakala mahindi yake, na kwamba anayesifu wanyama wa mto huwa hana shamba mtoni. Tulimpa haki yake.

Mwisho wa safari ulikuwa Mambrui, mji wa chuo na misikiti, wenye kaburi la nguzo lililopambwa kwa bakuli za China. Mwaka 2010 wachimbuzi walipata hapo sarafu ya Kichina ya enzi ya mfalme Yongle, na wako wanaodhani kuwa Malindi ya kale ilikuwa hapa. Tukawasimulia watoto jinsi wajumbe wa Malindi walivyompelekea mfalme huyo twiga mwaka 1415, akavushwa bahari mpaka China. Mjukuu akataka kujua shingo yake ilitoshaje chombani. Binamu yetu aliyewahi kuwa baharia akasema hapana budi alisimamishwa kando ya mlingoti. Shangazi akapinga: upepo wa kaskazi ungemwangusha, alilazwa. Na majani alikula ya wapi? Wakabishana hivyo juu ya mkeka mpaka mwadhini wa Mambrui akaadhini Magharibi.