Kutia Geji katika Lori kwa Mikono Yetu

Wanachama wetu, twapenda kuwaeleza jambo lililotutia khasara msimu uliopita, ili lisimfike mwengine.

Lori letu la chama lilikuwa likipanda mlima na magunia ya karafuu mbichi. Rejeta ilivuja, maji yakesha, na dereva hakujua mpaka injini ilipozimika. Gasketi ya hedi ikaungua. Karafuu zililala ndani ya magunia usiku kucha, na kila mkulima ajua mwisho wake: karafuu mbichi zikirundikwa hupata moto na kuchacha, na zikikauka huwa nyeupe, nyepesi, hazina bei. Walikuwapo waliotaka dereva alipe. Sisi tuliona hakuwa na cha kutazama. Sindano ya joto ya gari lile ilikuwa imekufa siku nyingi, nasi tulikuwa na khabari.

Basi tumetia geji tatu wenyewe: ya joto la maji, ya presha ya oili na ya volti. Msidhani taa nyekundu yatosha. Taa ya oili aghlabu huwaka presha ikiwa imekaribia kwisha, ilhali geji huonyesha inavyoshuka kidogo kidogo.

KATIKA KUNUNUA. Kwanza tazama betri. Malori mengi hutumia volti 24, yaani betri mbili za volti 12 zilizofuatanishwa. Geji ya volti 12 ukiitia humo utaiunguza. Pili, geji na sensa yake zitoke kwa mtengenezaji mmoja, la sivyo sensa itaidanganya geji. Tatu, angalia uzi wa sensa. Uzi wa Kimarekani wa NPT 1/8 una nyuzi 27 kwa inchi. Wa PT 1/8, ulio katika injini nyingi za Kijapani, una nyuzi 28. Kwa macho ni mamoja, na mmoja huanza kuingia katika mwengine, kisha huuma na kuharibu tundu. Usilazimishe, nunua adapta. Nne, chukua geji ya oili ya umeme. Ile ya bomba huleta oili ya moto mpaka ndani kwa dereva, na bomba likipasuka humwagikia miguuni.

JARIBU KWANZA. Unga geji ya joto na betri kupitia fyuzi, na sensa yake na geji. Kiwiliwili cha sensa kipate waya wa kwenda hasi ya betri. Itie ncha ya sensa katika maji yanayochemka. Huku kwetu pwani maji huchemka kwa digrii 100. Geji isiposoma karibu na hapo, irudishe dukani.

KAZI YENYEWE. Injini na ipoe kabisa. Ondoa waya wa hasi wa betri kabla ya yote, na uurudishe mwisho wa yote.

Geji nyingi zina kipenyo cha milimita 52. Waweza kutoboa dashibodi kwa keekee yenye msumeno wa tundu, lakini tazama nyuma yake kwanza, usije ukakata waya. Sisi tulikata kipande cha bati, tukakifunga chini ya dashibodi, na dashibodi ikasalimika.

Punguza maji ya rejeta, kisha funga sensa ya joto mahali pa plagi iliyo upande wa injini, karibu na themostati. Sensa ya oili ifungwe kwa kiungo cha T pale penye swichi ya taa ya oili, ili na taa ibakie. Sensa yenye waya mmoja hurudisha umeme kwa kupitia chuma cha injini. Kwa hiyo usiuzungushie uzi wake tepu nyingi, utaizuilia njia.

Nyuma ya geji, pini ya + ipate waya unaokuwa na umeme ufunguo unapofunguliwa tu, kupitia fyuzi ya ukubwa uliotajwa katika karatasi ya geji. Pini ya − iende kwenye bodi, penye chuma kilichokwanguliwa rangi. Pini ya S iende kwenye sensa. Waya zinapopenya ukuta wa injini zivishwe mpira, na ziwe mbali na bomba la moshi. Jaza maji, rudisha betri, washa, na utazame kama kunavuja.

KUSOMA. Maji yakiwa baina ya digrii 80 na 95 ni salama. Yakipita 105, simama. Kwa oili, mafundi wengi hukadiria psi 10 kwa kila mizunguko 1,000 injini ikiwa moto, lakini kitabu cha gari ndicho hakimu. Alternata ikichaji, gari la volti 24 husoma kama 28, na la volti 12 kama 14.

Jambo moja mlishike sana. Sindano ya joto ikipanda kisha ikashuka ghafla, msifurahi. Huenda maji yamekwisha na sensa yapima mvuke. Zima injini, wala usifungue kifuniko cha rejeta mpaka kipoe.

Mwisho, geji haifai kitu ikiwa dereva amuogopa mwenye mzigo kuliko aiogopavyo sindano. Kwa hiyo lori la chama lina kanuni: dereva akisimama kwa ajili ya geji, hata kama baadae itaonekana hapakuwa na neno, halaumiwi wala hakatwi ujira. Twawaomba wenye malori yao wafanye vivyo hivyo. Kuchelewa saa moja njiani ni kheri kuliko kupoteza injini na karafuu kwa siku moja.