Siku ya Hatari, Kaya Ipatane Vipi?

Siku ya kawaida, kaya ya mfugaji hapa Kisorya haikai mahali pamoja. Baba yuko mnadani, mama amevuka kwa kivuko kwenda Rugezi, vijana wako na ng'ombe malishoni kandokando ya ziwa, bibi amebaki nyumbani na wadogo. Ikitokea mafuriko, radi, moto wa nyika au wezi wa mifugo, kila mmoja huanza kumtafuta mwenzake. Mara nyingi mtu huingia hatarini akimtafuta aliyekwisha kufika salama.

Tusisahau tarehe 20 Septemba 2018, kivuko MV Nyerere kilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara. Zaidi ya watu 220 walikufa. Idadi ya waliokuwemo haikujulikana mara moja, na familia zilisubiri ufukweni kutambua ndugu zao. Mpango wa mawasiliano hauzuii ajali, lakini hupunguza kutafutana gizani. Upangeni hivi:

1. Chagueni mtu wa kati.
Awe ndugu anayeaminika, anayekaa mbali kidogo, kwa mfano Bunda mjini, Musoma au Mwanza. Hatari ikitokea Kisorya, yeye atakuwa na utulivu, chaji na mtandao. Kila mmoja atoe taarifa kwake, na kila mmoja aulize kwake. Badala ya kupiga simu kwa watu sita, unatuma ujumbe mmoja.

2. Tuma ujumbe kwanza.
Watu wengi wakipiga simu kwa pamoja, mtandao huelemewa. Ujumbe mfupi hupita kwa urahisi zaidi na hautumii chaji nyingi. Taja jina, ulipo, hali yako na unakoelekea: "Ni Mama. Niko Rugezi, mzima. Ziwa limechafuka, nitalala huku."

3. Andikeni namba kwenye karatasi.
Simu ikizama au ikizima, namba zimekwenda nayo. Andikeni namba ya mtu wa kati, mwenyekiti wa kitongoji, mtendaji wa kijiji, afisa mifugo na zahanati. Ongezeni 112 ya polisi na 114 ya zimamoto na uokoaji. Kila mtu apewe nakala ndani ya mfuko wa nailoni. Mtoto anayechunga akariri namba ya mtu wa kati. Ataweza kuazima simu ya mpita njia.

4. Wekeni mahali pawili pa kukutana.
Pa kwanza pawe karibu na nyumbani. Pa pili pawe mwinuko, mbali na ziwa na mito. Mwezi Mei 2020 Ziwa Victoria lilipanda kupita kiwango cha mwaka 1964, na maji yakaingia kwenye makazi na mashamba ya kandokando. Njia ya kila siku inaweza kufungwa. Msichague chini ya mti uliosimama peke yake, kwa sababu ya radi.

5. Mpe mchungaji ruhusa mapema.
Hili ni kubwa kuliko yote. Mtoto anayeogopa kuchapwa kwa kupoteza ng'ombe atabaki nao hata maji yakimfika kiunoni. Mwambie leo, mbele ya familia yote: "Hatari ikija, acha ng'ombe, okoa maisha yako." Ng'ombe huogelea, na aliyepotea hutafutwa kesho. Mpe pia filimbi na mkubaliane ishara: mara tatu maana yake ni nahitaji msaada.

6. Wekeni neno la siri.
Matapeli hutumia taharuki. Ukipata ujumbe kwamba mwanao amelazwa na utume pesa kwa namba ngeni, uliza neno mnalolijua ninyi tu. Asipolijua, usitume.

Anayesafiri aage: anakwenda wapi, kwa chombo gani, na atarudi saa ngapi. Simu zichajiwe kabla mvua haijaanza, na vocha kidogo ibaki kwa dharura.

Fanyeni jaribio mara mbili kwa mwaka, kabla ya vuli na kabla ya masika. Siku hiyo kila mtu, popote alipo, atume ujumbe kwa mtu wa kati. Jina litakalokosekana litawaonyesha pa kurekebisha. Anzeni jioni ya leo, ng'ombe wakisharudi zizini na wote mkiwa nyumbani.