Fahamu: Kwa nini kina cha sangara hubadilika kwa msimu

Ukifika Mwaloni Kirumba, Mwanza, miezi miwili tofauti, utasikia wavuvi wakitaja vina viwili tofauti. Ziwa lilelile, sangara yuleyule.

Jibu liko kwenye hewa ya majini. Ziwa Victoria ni pana, takriban kilomita za mraba 68,800, lakini kina chake kikubwa ni kama mita 80 tu. Kuanzia karibu Septemba hadi Mei, jua hupasha maji ya juu, nayo hukaa juu ya yale ya baridi bila kuchanganyika vizuri. Huko chini mabaki ya mwani huoza na kumaliza oksijeni. Sangara hawezi kuvumilia hilo kwa muda mrefu, ingawa uduvi humudu. Basi hupanda, na mvuvi anayeshusha nyavu hadi sakafuni hupoteza usiku wake.

Juni hadi Agosti upepo mkali wa kusini-mashariki hukoroga ziwa, oksijeni hufika chini, na sangara hutawanyika hadi vilindini. Ni miezi ya mawimbi pia. Mtumbwi mdogo huhangaika.

Hatari zaidi ni pale maji ya chini yasiyo na oksijeni yanapoinuka ghafla: samaki huelea wamekufa, na walio kwenye vizimba hawana pa kukimbilia.

Rutuba ya mashambani na majitaka ya miji huongeza mwani huo. Kwa hiyo kina cha sangara huamuliwa kwa sehemu nchi kavu.