Karakana ya Matofali: Jiko Lipangwe Kabla ya Paa



Parokia za Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania zikijenga karakana ndogo ya useremala bustanini, nyuma ya nyumba ya parokia, hela hubana. Mara nyingi kinachofutwa ni jiko la kuni na bomba lake la moshi. Katika toleo hili tunaeleza kwa nini visifutwe, na jinsi ya kujenga ili vipate nafasi yake.

Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Kuanzia Juni hadi Agosti asubuhi ni baridi kali. Gundi nyeupe ya mbao, kwa aina nyingi, haishiki vizuri chini ya nyuzijoto 10, na vidole vilivyokufa ganzi si vya kushika patasi. Pasipo jiko la kuni, vijana watafanya kama watu wote wafanyavyo: wataingiza jiko la mkaa na kufunga mlango. Mkaa unaowaka katika chumba kilichofungwa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, nayo huua kabla mtu hajatambua anachovuta. Bomba la moshi si pambo.

Tuchukue karakana ya mita 6 kwa 4, kuta zenye kimo cha mita 2.4. Ukitoa mlango na madirisha matatu, ukaongeza pembetatu mbili za juu, unabaki na mita za mraba kama 45. Kila mita ya mraba hula matofali 10 ya inchi sita, hivyo agizeni 475 pamoja na ya kuvunjika. Msingi uhesabiwe peke yake. Mchanganyiko uwe ndoo moja ya saruji kwa ndoo nane za mchanga. Fundi anayejisifu kufyatua matofali 50 kwa mfuko mmoja anawauzia mchanga. Matofali yamwagiliwe siku 7, asubuhi na jioni, yakiwa kivulini. Baridi huchelewesha saruji kukomaa, basi ni heri kufyatua Septemba kuliko Julai, mradi bati ziwe juu kabla ya mvua kushika.

Sasa jiko. Likae juu ya sakafu ya zege, mbali na meza za kazi. Kabla fundi hajapiga mbao za paa, chora alama sakafuni mahali jiko litakaposimama, kisha pandisha timazi. Bomba lipite katikati ya mbao mbili, likiwa na sentimita 45 hadi mbao yoyote, kwa sababu bomba tupu la chuma hupata moto wa kuunguza mbao. Fundi wa paa hatalijua hilo asipoambiwa, na akishamaliza kupaua ni gharama kubomoa. Bomba liwe la inchi sita, limenyooka, litokee karibu na kilele na kukipita kwa sentimita 60 au zaidi. Likiwa fupi, upepo hurudisha moshi ndani. Chini, karibu na jiko, jengeni tofali la matundu la kuingiza hewa. Mwezi wa Julai atatokea mtu wa kuliziba kwa gunia. Akatazwe.

Vipande vya mbao ni vya bure, lakini msonobari mbichi hujaza bomba masizi mazito kama lami, na masizi hayo yanaweza kushika moto. Kuni zipasuliwe Oktoba, zipangwe chini ya upenu hadi Juni. Miwati iliyokauka ni bora zaidi. Nguzo zilizotiwa dawa zisichomwe kamwe: nyingine zina arseniki, ambayo hubaki katika moshi na majivu. Vanishi na tina zitunzwe jengo jingine. Maranda yafagiwe kabla ya kuwasha, na majivu yatiwe katika ndoo ya chuma yenye kifuniko, nje.

Mfadhili anayeletewa bajeti ya karakana atafute humo jiko, bomba na brashi ya kusafishia. Bomba lisafishwe mwanzoni mwa Juni na tena katikati ya Julai, na jina la atakayepanda juu ya paa liandikwe katika kumbukumbu za kamati pamoja na la mshika ufunguo.